Tusiishie Kuuliza Nani Kachinja, Tuulize na Kama Imeiva

Na Mwandishi Wetu

Sifa zote njema ni za Allah (s.w), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo viovu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake, maswahaba zake na wote wanaofuata uongofu mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Kila Jumatano na Jumamosi Tengeru hugeuka mji mwingine. Soko linafurika ndizi, mboga, nguo na mifugo. Watu hushuka kutoka vijiji vya mlima Meru, wengine huja kutoka Usa River, Arusha mjini na hata Moshi. Kila penye watu wengi pana njaa nyingi, na kila penye njaa nyingi pana moshi wa mkaa. Nyama choma, mishikaki, supu, makongoro, chipsi kuku, vyote vinapatikana hatua chache kutoka barabara kuu. Hili ni jambo la heri, maana wengi wanapata riziki yao humo, na miongoni mwao wamo wazazi wa wanafunzi wa madrasa hii.

Muislamu anapofika kwenye banda la nyama huwa na swali moja tu: "Nani kachinja?" Akijibiwa kuwa kachinja Muislamu, basi hukaa, huagiza na hula. Swali hilo ni la lazima na tusiliache abadan. Lakini kwa maoni yetu limekuwa swali la kwanza na la mwisho, na hapo ndipo tulipokosea. Nyama inaweza kuwa imechinjwa kwa jina la Allah, na shingo ikaelekezwa kibla, kisha ikamlaza mtoto hospitali kwa sababu iliondolewa motoni ikiwa nyekundu ndani. Makala hii inadai kuwa Muislamu anapaswa kuuliza maswali matatu: nani kachinja, nani kakagua, na je, imeiva?

HALALI NA TWAYYIB

Katika Surat al-Baqara aya ya 168 Allah (s.w) anawaamrisha watu wote wale vilivyomo ardhini kwa sharti mbili: viwe halali na viwe vizuri, yaani twayyib. Sharti hizi zimetajwa pamoja tena katika Surat al-Maida aya ya 88 na Surat an-Nahl aya ya 114. Lau ya kwanza ingetosha, ya pili isingetajwa. Anayeshika halali na kuiacha twayyib ameshika nusu ya amri.

Tuwatazame vijana wa pangoni waliotajwa katika Surat al-Kahf aya ya 19. Walipozinduka baada ya usingizi wa miaka mingi walikuwa na njaa. Walimtuma mwenzao mmoja mjini na fedha zao, na pamoja na njaa ile na hofu ya kukamatwa waliyokuwa nayo, walimuagiza atazame ni chakula cha nani kilicho safi zaidi ndipo awaletee. Hawakumuagiza alete chochote kitakachokuwa tayari upesi. Sisi tunaokaa na njaa ya saa nne tu tunashindwa kumsubiri mchoma nyama dakika kumi za ziada!

Vilevile katika Surat Hud aya ya 69 tunasoma kuwa Nabii Ibrahim (a.s) alipofikiwa na wageni aliwaletea ndama wa kuchomwa. Wapo miongoni mwa wafasiri waliolieleza neno lililotumika pale kuwa ni nyama iliyoiva. Basi kumchomea mgeni nyama ni sunna kongwe ya Mitume, na heshima ya mgeni ni kumpa iliyoiva.

Hapa inabidi tuondoe utata mmoja unaosikika mara kwa mara. Wapo wanaosema nyama yenye wekundu ni haramu kwa sababu ya damu. Si sahihi. Damu iliyoharamishwa ni ile inayomwagika, kama ilivyobainishwa katika Surat al-An'am aya ya 145. Wekundu unaobaki ndani ya nyama baada ya mnyama kuchinjwa kisheria umesamehewa na wanazuoni. Ubaya wa nyama mbichi uko kwenye madhara yake, na madhara nayo yana hukumu yake. Allah (s.w) ametukataza katika Surat al-Baqara aya ya 195 kujitupa wenyewe katika maangamizi, na kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sharia. Kwa hiyo anayejua kuwa nyama haijaiva na akamuuzia mtoto wa mwenzake hawezi kujitetea kuwa "imechinjwa halali".

KINACHOJIFICHA NDANI YA NYAMA

Pengine mtu atauliza: nyama isiyoiva ina nini hasa? Tueleze kwa ufupi ili hata mwanafunzi wa darasa la tano aelewe.

Tumbo na ngozi ya ng'ombe, mbuzi na kuku hukaa vijidudu vingi ambavyo mnyama mwenyewe havimsumbui. Wakati wa kuchinja, kuchuna na kutoa matumbo, vijidudu hivyo huhamia juu ya nyama. Miongoni mwao ni salmonela na kampilobakta, ambao hupatikana sana kwa kuku, na aina fulani ya ekoli ambayo hupatikana zaidi kwa ng'ombe. Moto unaopenya hadi ndani huviua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linafundisha kuwa chakula kifikie nyuzijoto 70 za Sentigredi katikati yake. Mkaa unaoichoma nyama nje mpaka ikawa nyeusi unaweza kuiacha katikati ikiwa vuguvugu tu, hasa karibu na mfupa. Ndiyo maana ndafu ya harusini, mguu mzima wa mbuzi na kuku mzima vinahitaji moto wa taratibu na muda mrefu.

Nyama ya kusaga ina hatari ya pekee. Kwenye pande zima la nyama vijidudu vingi hukaa juu, na huko ndiko moto unakofika kwanza. Ukiisaga, cha juu chote unakichanganya ndani. Kababu, chopsi na sambusa zinatakiwa ziive hadi katikati pasibaki wekundu hata kidogo. Wamarekani walijifunza hili kwa machozi mwaka 1993. Mikahawa ya Jack in the Box iliuza nyama ya kusaga isiyoiva vya kutosha. Watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 wakafariki. Jimbo la Washington lilikuwa limeagiza nyama hiyo ifikishwe nyuzijoto 68, lakini ilikuwa ikipikwa chini ya hapo. Aina ile ya ekoli huharibu figo za watoto wadogo. Tofauti ya nyuzijoto chache na dakika moja au mbili ndiyo iliyoleta misiba ile. Ikiwa nchi yenye maabara na mashine za kila aina ilipatwa na hayo, banda letu lenye jiko moja la mkaa halina sababu ya kujiona salama.

Kuna pia minyoo aina ya tegu. Ng'ombe hula majani yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu, na ndani ya nyama yake hujitengeneza vifuko vidogo vyeupe. Mtu akila nyama hiyo mbichi, mnyoo hukua tumboni mwake hadi kufikia urefu wa mita kadhaa. Mkaguzi wa nyama anapopasua misuli ya taya na moyo wa ng'ombe, vifuko hivyo ni miongoni mwa anavyovitafuta.

Wengine watasema kuwa tegu hatari zaidi ni yule wa nguruwe, na sisi Alhamdulillah hatumli. Lakini huko New York, mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari waligundua ugonjwa wa tegu wa nguruwe kwenye ubongo wa watu wa jamii ya Mayahudi washika dini, ambao kama sisi hawamli nguruwe kabisa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kuwa chanzo kilikuwa mayai ya tegu yaliyotoka kwa wafanyakazi wa majumbani waliokuwa na mnyoo huyo bila kujijua na kuandaa chakula. Hawakula haramu, bali walikula halali iliyoshikwa kwa mikono isiyo safi. Mfano huu unatosha kumuonyesha kila mwenye akili kwamba halali bila usafi haimkingi mtu na maradhi.

MOTO HAUSAFISHI NYAMAFU

Baada ya kusema hayo tunaharakisha kuongeza kwamba kuiva siyo dawa ya kila kitu. Wapo wanaopita mlango wa pili na kusema: "Huyu kafa mwenyewe, lakini tukimchemsha sana hana neno." Nyamafu ni haramu kwa nassi ya Surat al-Maida aya ya 3, na hekima ya hukumu hiyo tumeiona hapa hapa kwetu.

Ugonjwa wa kimeta huua ng'ombe, mbuzi na wanyama wa porini ghafla. Mwaka 2016 ulizuka katika kata ya Selela wilayani Monduli, ukaua wanyama pori na kuwafikia watu. Mbegu za kimeta ni sugu mno, hukaa ardhini kwa miaka mingi, na upishi wa kawaida si wa kutegemewa kuziua. Zaidi ya hayo, mtu huambukizwa mapema, wakati wa kumchuna mnyama na kumkatakata, kabla hata sufuria halijabandikwa. Aliyefuata sharia na kumuacha nyamafu alikuwa amejikinga kabla ya kujua jina la ugonjwa.

Wakubwa wanakumbuka pia Homa ya Bonde la Ufa. Iliingia mkoani Arusha kupitia wilaya ya Ngorongoro mwanzoni mwa mwaka 2007, ikasambaa mikoa mingine, na watu zaidi ya 100 walifariki nchini. Wengi waliacha kula nyama ya ng'ombe na biashara ya nyama ilitetereka. Wakati ule kila mtu alikuwa mkaguzi! Muhuri wa bwana mifugo ulitafutwa kwenye kila paja la ng'ombe. Ugonjwa ulipopita, swali la muhuri likapita nalo. Ni ajabu kwamba tunaogopa kwa mwaka mmoja na kusahau kwa miaka inayofuata.

SI KILA HOMA NI MALARIA

Mwanafunzi akiwa na homa, jambo la kwanza linalotujia ni malaria. Watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008. Karibu watu 6 kati ya kila 10 walihesabiwa kuwa na malaria, lakini waliothibitika kwa vipimo kuwa malaria ndiyo sababu ya homa yao hawakufika hata 2 kati ya kila 100. Magonjwa yanayotoka kwa wanyama, ikiwemo bruselosi, yalikutwa kwa wengi zaidi kuliko malaria yenyewe.

Bruselosi huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na matibabu yake huchukua wiki 6 au zaidi. Mtu huipata kwa maziwa yasiyochemshwa, kwa kuwahudumia wanyama waliotupa mimba, na kwa kula damu au nyama isiyoiva. Tunaishi katika eneo la wafugaji, jambo ambalo ni neema. Lakini neema ina shukrani yake, na katika shukrani ni kuchemsha maziwa na kuivisha nyama. Mzazi ambaye mtoto wake anarudiwa na homa kila baada ya wiki chache amueleze daktari kila kitu, ikiwemo maziwa na nyama alizokula mtoto, badala ya kununua tena dawa ya malaria dukani.

WAISLAMU WA ZAMANI NA WACHOMA NYAMA

Vijana wetu wakisikia habari za ukaguzi wa hoteli hudhani ni jambo la Wazungu. Ukweli ni kwamba miji ya Kiislamu ilikuwa na ofisi ya hisba, na mkaguzi wake aliitwa muhtasib. Alizunguka sokoni akiangalia vipimo, mizani, maziwa, mikate na nyama.

Mwanachuoni ash-Shayzari, aliyeishi Sham katika karne ya 12, aliandika kitabu cha kumuongoza muhtasib, na ndani yake akawatengea wachoma nyama mlango wao maalumu. Anaelekeza kuwa mnyama apimwe uzito kabla ya kuingizwa tanuri na apimwe tena akitoka, na uzito uliopungua ndio utakaoonyesha kama kaiva. Asipokuwa amepungua vya kutosha, arudishwe motoni. Kisha anataja alama nyingine: paja lipasuliwe, na ikionekana mishipa myekundu na maji ya nyama yakitoka, basi bado ni mbichi.

Mwaona, ndugu zangu? Zaidi ya miaka 800 iliyopita, bila maabara wala kipimajoto, Muislamu alikuwa na kanuni iliyoandikwa ya kumzuia mchoma nyama asiwauzie watu nyama mbichi. Aliihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya kuamrisha mema na kukataza mabaya. Basi mteja wa Tengeru anayepasua paja la kuku na kusema "rudisha motoni" haigi desturi ya kigeni. Anafufua desturi yake.

Na msingi wa yote hayo ni Mtume (s.a.w) mwenyewe. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakutana na unyevu. Muuzaji alieleza kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w) akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika wao. Rundo lile lilikuwa kavu juu na bichi ndani. Nyama iliyoungua juu na kuwa mbichi ndani ina tofauti gani na rundo lile?

HOJA ZINAZOTOLEWA

Tumezisikia hoja za wanaopinga na ni haki kuzijibu.

Ya kwanza: nyama ikiiva sana inakauka na inakosa utamu. Tunajibu kuwa kinachokausha nyama ni moto mkali wa haraka. Nyama ikisogezwa mbali kidogo na makaa na kugeuzwa mara kwa mara huiva ndani na ikabaki laini. Wazee wetu hawakukosea waliposema mvumilivu hula mbivu.

Ya pili: wateja wenyewe wana haraka. Hoja hii ina ukweli na lawama yake inatugusa sisi wateja. Basi la Moshi linapiga honi, mteja anapiga meza, na mchomaji anaitoa nyama kabla ya wakati wake. Mwenye haraka na anunue ndizi na chapati. Nyama haina njia ya mkato.

Ya tatu: pilipili, ndimu na chumvi huua vijidudu. Haviui kwa kiwango cha kutegemewa. Tena kachumbari yenyewe huwa hatari ikikatwa kwa kisu na ubao uleule uliokatia nyama mbichi, maana haitapita motoni. Vivyo hivyo mchuzi uliolowekea mishikaki mibichi usipakwe juu ya ile iliyokwisha kuiva.

Ya nne: matumbo yetu yamezoea. Wapo watu wazima ambao huumwa kidogo na kupona. Lakini tuwafikirie watoto. Kwa makadirio ya WHO yaliyotolewa mwaka 2015, watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama na 420,000 hufa, na kati ya hao waliokufa 125,000 ni watoto wa chini ya miaka 5. Mzigo mkubwa zaidi uko Afrika. Hayo ndiyo matumbo yaliyozoea.

Ya tano: tumesema Bismillah na tumetawakali. Bismillah ni amri na tawakali ni ibada. Lakini Mtume (s.a.w) alimuelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo atawakali. Kuivisha nyama ndiyo kamba yenyewe.

Ya sita, na ndiyo nzito: mama lishe ni maskini, masharti mengi yatamfungia biashara. Tunakubali kuwa hana mtaji wa jokofu wala jiko la gesi. Lakini mambo tunayoyaomba hayana gharama kubwa: ubao wa pili, kisu cha pili, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, na dakika kumi zaidi za mkaa. Na kama mkaa huo wa ziada unagharimu, mteja akubali kuongeza shilingi kidogo. Gharama ya siku moja ya kulazwa ni kubwa zaidi.

TUFANYE NINI?

Serikali ina wajibu wake. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS). Wapo maafisa afya na maafisa mifugo wa halmashauri. Lakini afisa mmoja hawezi kusimama kwenye kila jiko. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa jamii yetu:

1. Wenye hoteli na mabanda. Nunueni nyama yenye muhuri wa ukaguzi tu. Tenganisheni mbichi na iliyoiva. Ipasueni karibu na mfupa kabla ya kuipeleka mezani. Maji yanayotoka yawe meupe, si mekundu. Mfanyakazi anayeharisha apumzishwe, wala asikatwe ujira wake kwa hilo, maana akiogopa njaa atakuja kazini na kuficha.

2. Wazazi. Msiwape watoto fedha ya mishikaki bila kuwafundisha jinsi ya kuitazama. Nyumbani chemsheni maziwa. Nyama na pilau vilivyobaki visikae nje zaidi ya saa mbili, na vikipashwa vichemke hasa.

3. Wanafunzi. Msione haya kurudisha nyama isiyoiva. Semeni kwa adabu: "Shikamoo mzee, samahani, hii haijaiva, naomba uirudishe motoni." Hiyo siyo jeuri. Kunyamaza kwa haya mpaka ukaumwa siyo adabu.

4. Uongozi wa madrasa na misikiti. Tuanze na sisi wenyewe. Katika Maulid, khitma na mahafali huwa tunapika masufuria makubwa usiku wa manane na kupakua adhuhuri. Nyama iliyopoa taratibu ndani ya sufuria kubwa huotesha vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia kuchemka. Tupike karibu na wakati wa kula, au sufuria libaki juu ya makaa likiwa moto kweli kweli. Katika Idd al-Adh'ha tunachinja majumbani bila ya ukaguzi wowote, kisha tunawagawia mafakiri. Ni vyema misikiti ikakubaliana sehemu moja au mbili za kuchinjia, na afisa mifugo akaalikwa mapema. Hapa Tengeru tuna chuo cha mifugo cha LITA, ambako maafisa mifugo wanafundishwa. Tukikosa mkaguzi wa udhiya ilhali tunaishi ukutani mwa chuo chao, tutamueleza nini Mola wetu?

Tunapendekeza pia kamati ya madrasa iwaalike wachoma nyama Waislamu wa sokoni kwa darsa ya nusu siku, akiwepo afisa afya na ustadh wa fiqhi. Wasije kukaripiwa. Waje wajue kuwa kusimama mbele ya jiko kwa nia ya kuwalisha waja wa Allah chakula kizuri ni ibada, na kwamba kila kipande wanachokirudisha motoni kwa kumuogopa Allah kina ujira wake.

Ndugu zangu, umma huu umefanya kazi kubwa kulinda uchinjaji wa halali katika nchi hii, na kazi hiyo iendelee. Sasa tuikamilishe. Haifai tuwe wakali kwenye shingo ya mnyama kisha tuwe wazembe kwenye sufuria. Jumatano au Jumamosi ijayo, Insha'Allah, utakapokaa kwenye banda la nyama pale sokoni, uliza maswali yote matatu. Mwenye banda akijibu vizuri, mlipe, mshukuru na umuombee dua. Asipojibu, inuka taratibu uende kwa jirani yake. Wakiinuka wateja kumi kwa siku moja, wiki inayofuata atakuwa na majibu.

Ewe Mola wetu, turuzuku vya halali vilivyo vizuri, utukinge sisi na watoto wetu na maradhi, na ubariki biashara za wenye kuogopa kuwadhuru waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq.